Damu Waliyoisoma Wakanyamaza

Opondo aliletwa kituoni akiwa na kiatu kimoja. Cha pili kilibaki Makina, pale umati ulipomshikia, na lau Konstebo Muli angechelewa kidogo kufyatua risasi hewani, Opondo mwenyewe angebaki hukohuko. Sasa aliketi mbele ya Inspekta Marion Shivachi wa upelelezi, shavu limevimba, fulana imechanika begani, mikono yake mipana ya useremala ameilaza mezani ili kila mtu aione.

"Nakuuliza tena," Marion alisema. "Ulimwaga nini nyuma ya jiko la Mama Saadia?"

"Dawa, madam."

"Dawa gani?"

"Ya sisimizi."

Muli, aliyeegemea mlango, alicheka kwa pua. "Kila mwenye sumu utasikia ni ya panya, ama ya sisimizi."

Marion hakucheka. Kesi yenyewe haikuwa ya kucheka. Mama Saadia, Mnubi mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha kule Makina, alikuwa ameamka vizuri siku iliyotangulia, akanywa chai, akaomba maji, akaomba mengine, kisha akaanguka mlangoni pake na asiamke tena. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulishajua muuaji. Mpangaji wake Opondo, fundi wa vitanda aliyepewa notisi ya kuhama kwa ajili ya kelele za nyundo, alikuwa ameonekana jioni ya kuamkia siku hiyo akinyunyiza unga mweupe nyuma ya jiko la marehemu. Kufikia alasiri vijana wa Makina walikuwa wamesimama upande huu wa reli na vijana wa Soweto West, wapangaji kama Opondo, upande ule, kila upande na mawe yake. Kibera yote, yenye mitaa hiyo miwili, ilijua mambo haya huanzaje. Mwenye nyumba huku, mpangaji kule, halafu moshi.

"Hao sisimizi walikuwa wanatoka wapi?" Marion aliuliza.

Opondo aliinamisha kichwa. "Si vizuri kusema. Mtu amekufa."

"Sema."

"Kwa mtaro, madam. Hapo Mama alikuwa anamwaga ile ndoo yake ya usiku."

"Ya mkojo?"

"Ndio. Choo iko mbali na usiku ni hatari, sisi wote tunatumia ndoo. Lakini sisimizi walikuwa wanajaa hapo kwake peke yake. Kwangu hapana, kwa jirani hapana. Wanatoka hapo kwa mstari, wanapanda ukuta, wanaingia kwa unga yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na hukumwambia?"

Opondo alimwangalia kwa mara ya kwanza. "Ningemwambia aje? Huyo ni mtu wa rika ya mamangu. Niende nisimame mbele yake niseme, mama, mkojo yako inaita wadudu?"

Marion aliweka kalamu chini. Muli aliacha kuegemea mlango.

"Muli, mpe chai, na usimruhusu mtu yeyote kumgusa," Marion alisema akichukua koti lake. "Mimi naenda mochari."

*

Hadia, binti wa marehemu, alikuwa amesimama nje ya mochari katika buibui lake jeusi. Alikuwa na hasira iliyokwisha machozi.

"Mamangu alipaswa kuzikwa jana, Inspekta. Jana! Sisi Waislamu hatumwachi maiti wetu kwa friji. Lakini nyinyi mnamkatakata mamangu, na aliyemuua mko naye huko mnamlisha."

"Nipe muda kidogo, Hadia. Nikitoka humu utamchukua."

Ndani, Daktari Ndungu wa maiti alikuwa akinawa mikono. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Marion alimpenda kwa hilo.

"Sumu?" Marion aliuliza.

"Sioni. Sampuli zitaenda kwa mkemia wa serikali, lakini ile dawa mliyoniletea ina dalili zake. Mboni za macho hubana, mate hutoka povu, mapafu hujaa maji. Huyu hana hata moja."

"Basi nini?"

"Moyo. Mshipa mmoja umeziba kabisa, mwingine umebakiza tundu la kupitisha uzi. Lakini si hilo tu. Nilichukua majimaji ya jicho. Sukari ya damu haiaminiki mtu akishakufa, ila ya jicho hushuka tu, haipandi. Ukikuta iko juu kwa maiti, basi alipokuwa hai ilikuwa juu zaidi. Na yake, Inspekta, ilikuwa ya kutisha."

"Kisukari."

"Cha muda mrefu. Figo zimeanza kuharibika."

Kwa hiyo sisimizi hawakuwa uongo. Walifuata sukari mtaroni, na Opondo akawafuata kwa dawa yake. Marion alikuwa akigeuka kuondoka Ndungu alipomshika kiwiko.

"Kuna jambo jingine. Njoo uone."

Aliufunua mkono wa marehemu. Katika kunjo la kiwiko kulikuwa na vidoti vyeusi, vingine vimepona zamani, vingine vipya. Vilipangana juu ya mshipa bila kukosea.

"Hizi ni sindano za kutoa damu," Ndungu alisema. "Aliyedunga amesomea kazi hiyo. Na amemdunga mara nyingi."

"Alikuwa akitibiwa?"

"Hapo ndipo sielewi. Katika mwili wote sioni alama ya matibabu. Hakuna insulini, na jamaa zake wanasema hakuwahi kumeza hata kidonge. Mtu anatolewa damu hivi, na hakuna anayemwambia kwamba damu yenyewe imekuwa asali?"

Marion alitoka nje kwa haraka kuliko alivyoingia.

"Hadia, mamako alikuwa anatibiwa wapi?"

"Hatibiwi popote. Mama hakuwa mgonjwa."

"Hakuwa na kiu?"

"Kiu alikuwa nayo. Ramadhani hii alishindwa kufunga, na tangu nimjue hajawahi kuacha kufunga. Na macho yalikuwa yanamsumbua. Nilimwambia twende hospitali. Akakataa."

"Kwa nini?"

"Alisema ameshapimwa. Kuna mradi huko Kawangware, pale sokoni wanapoita Kongo, unaotaka wanawake wanene. Wanawatoa damu, wanawapima, bure. Alikuwa anaenda kila wakimwita. Nikimwambia habari ya hospitali ananicheka: 'Hadia, hawa watu wametoa damu yangu mpaka wameijua kuliko mimi. Ningekuwa na ugonjwa, si wangeniambia?'"

Marion alibaki ameshika mlango wa gari, hakuufungua.

"Jamaa zako wamchukue Mama sasa. Wewe, unaweza kunionyesha mahali penyewe?"

*

Mradi ulikuwa umekodi ukumbi mrefu wa mabati nyuma ya vibanda vya mitumba. Ndani, wanawake walikuwa wameketi kwenye mabenchi wakipiga gumzo na kusukana nywele, wote wenye miili mikubwa, wengi wakiwa wamefunga leso viunoni. Kila mmoja alishika kadi yenye namba. Hadia alikaa benchi la nyuma. Marion, aliyekuja kwa gauni la kawaida, aliingia foleni. Yeye mwenyewe hakuwa mwembamba, na siku hiyo kwa mara ya kwanza jambo hilo lilimsaidia kazini.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Wangoi limeandikwa kifuani. Alimpitisha Marion nyuma ya pazia, akamzungushia futi ya fundi cherehani kiunoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwili wako ni mzuri, mama. Utachukuliwa."

"Mnatafuta nini kwenye damu?"

"Tunaangalia tu. Leta kidole."

Alimchoma, akakamua tone, akaligusisha kwenye kikaratasi cha mashine ndogo. Mashine ilipolia, Wangoi aliisoma, kisha akailaza kifudifudi mezani.

"Imesema nini?" Marion aliuliza.

"Haturuhusiwi kusema, mama."

"Na kama ni mbaya?"

"Daktari ataona."

"Mimi je, nitaona lini?"

Wangoi alivuta mfuko wa plastiki kutoka chini ya meza akamsogezea. "Hii ni asante yetu kwa kuja. Mkono wa damu sasa."

Marion alichungulia mfukoni. Mlikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia na pakiti ya sukari.

Aliitoa pakiti ile, akaiweka katikati ya meza. Kando yake akaweka kitambulisho chake cha polisi.

"Mimi ni Inspekta Shivachi. Niambie namba yangu."

Nesi alikitazama kitambulisho, akaitazama sukari.

"Tano nukta nane," alisema. "Iko sawa."

"Umeona? Ulimi haukuanguka. Saadia wa Makina unamjua?"

"Yule Mnubi? Namjua. Hata nikimdunga alikuwa anacheka. Wiki hii hajakuja."

"Hatakuja. Ametoka kupasuliwa mochari, na fundi mmoja asiye na hatia karibu achomwe moto kwa ajili yake. Sukari yake ilikuwa ngapi?"

Wangoi alitafuta kiti kwa mkono kabla ya kukikalia. "Siku ya kwanza, kumi na sita. Ya mtu mzima mwenye afya ni kama yako. Ikawa inapanda. Mara ya mwisho mashine ilishindwa kuhesabu."

"Na ukamwambia nini?"

"Nilimwambia daktari."

"Sikuulizi daktari. Ulimwambia nini Saadia?"

Nesi aliziba uso kwa viganja vya mikono yake vilivyokuwa bado na harufu ya spiriti. "Nilimwambia asante," alisema. "Nikampa sukari."

*

Daktari Nicanor Osewe, mkuu wa mradi, alikuwa na ofisi mwisho wa ukumbi, yenye friji mbili kubwa zilizounguruma. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti laini, amerejea karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Alimkaribisha Marion kiti kama mtu anayempokea mgeni wa heshima.

"Nimesikia. Inasikitisha sana. Lakini Inspekta, kabla hujakasirika, elewa kazi tunayofanya hapa. Watu hudhani mafuta ya mwili yamekaa tu, kama mahindi ghalani. Sivyo. Mafuta yanafanya kazi, yanatengeneza protini na kuzimwaga kwenye damu. Baadhi yake huufanya mwili ukaidi insulini, sukari ikapanda. Nyingine huichokoza mishipa, ikavimba, ikaziba. Ndiyo maana unene, kisukari na moyo hutembea pamoja."

"Lakini si kila mnene ni mgonjwa."

"Ahaa! Hapo umegusa penyewe." Macho yake yalichangamka. "Wanawake wawili, uzito mmoja, kiuno kimoja. Mmoja atazeeka akicheza na wajukuu, mwingine atakufa na miaka hamsini. Tofauti iko kwenye hizo protini. Tukijua ni zipi hupanda kwanza, siku moja tutamwambia mtu mapema: wewe uko hatarini."

"Siku moja."

"Ndiyo."

"Saadia uliweza kumwambia siku ya kwanza. Hukuhitaji protini yoyote. Mashine ya mezani ilikwambia."

Osewe alivua miwani, akaifuta. "Ukimwambia, atatafuta dawa. Akimeza dawa, damu inabadilika. Sukari inashuka na protini nazo zinavurugika. Unakuwa huchunguzi ugonjwa tena, unachunguza dawa. Ilibidi tufuate mwendo wake jinsi ulivyo."

"Mpaka wapi?"

Daktari aliivaa tena miwani yake.

"Nimekuuliza, daktari. Mlikuwa mnafuata mwendo wake mpaka wapi?"

"Mimi sikumpa ugonjwa, Inspekta. Alikuja nao. Asingekuja hapa, angekufa vilevile, na hakuna mtu angejua kwa nini."

"Uongo," Marion alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Asingekuja hapa, angemsikiliza bintiye. Kiu ilimtuma hospitali, macho yalimtuma, mwanawe alimbembeleza. Kilichomzuia ni nyinyi. Alijua wasomi wanasoma damu yake, na wasomi wamenyamaza, basi yuko salama. Ulichompa kilikuwa kibaya kuliko kutompa kitu. Ulimpa amani."

"Alikubali kwa hiari. Aliweka kidole gumba."

"Mlimweleza kwamba mkimkuta mgonjwa hamtamwambia?"

Friji ziliendelea kunguruma.

"Hiyo haiwezi kuwa jinai," Osewe alisema hatimaye. "Soma sheria yako. Hakuna aliyemgusa kwa ubaya. Na wizarani kuna watu wanaoujua mradi huu. Mahakama itakucheka."

"Kuna kifungu cha uzembe unaohatarisha maisha, na huyu alikufa. Nitakupeleka mbele ya hakimu, na mahakama ikitaka kucheka, na icheke. Nitamwita Muli azifunge hizi friji kwa lakiri. Kutoka sasa ni vielelezo."

"Kuna kazi ya miaka humo ndani!"

"Kuna watu humo ndani," Marion alisema. "Simama twende."

Alipofungua mlango, alimkuta Hadia amesimama kizingitini, na nyuma yake Nesi Wangoi. Hakuhitaji kuuliza kama walikuwa wamesikia. Kuta za ofisi zilikuwa za mbao nyembamba.

Hadia hakumtazama daktari. Alimtazama Marion.

"Opondo bado yuko kwa seli?"

"Bado."

"Mfungulieni. Nitaenda mimi mwenyewe nimchukue, nipite naye Makina mchana wanione. Mwenye jiwe alirushe kwangu." Ndipo akamgeukia Osewe, akamtazama kuanzia viatu hadi miwani. "Mamangu alikuwa anakuombea dua wewe. Kila Ijumaa. Alikuwa anasema, Mungu amzidishie yule daktari, anatujali sisi watu wa chini."



Ukumbini gumzo lilikuwa limekufa. Mwanamke mmoja mrefu, mweusi, aliyejitanda leso ya kijani, aliinuka kwenye benchi la mbele.

"Nesi, hiyo ni maneno gani tunasikia? Nani amekufa?"

"Keti chini, mama," Osewe alisema. "Mtaelezwa utaratibu."

"Huyu anaitwa nani?" Marion alimuuliza.

"Nani?"

"Huyu mama anayekuuliza. Umemtoa damu. Anaitwa nani?"

Osewe alitupa jicho kwenye kadi mkononi mwa yule mwanamke, akatafuta namba.

"Naitwa Celine Amolo," mwanamke akasema. "Nauza samaki hapo Kongo. Nimekuja hapa tangu mwaka jana, tangu '97. Daktari, mimi niko aje?"

"Wangoi," Osewe alisema kwa sauti ya chini, "ukisema neno moja, hutapata kazi tena katika mji huu."

Wangoi alitoka nyuma ya Hadia. Alikuwa amevua kofia yake ya unesi na kuishika mkononi. Alitembea hadi mbele ya Celine, akamshika mikono yote miwili.

"Mama Celine, una kisukari. Ulikuwa nacho ulipokuja siku ya kwanza. Nilikiona kwa macho yangu na nikanyamaza. Leo usirudi sokoni. Leo uende hospitali, nami nitakupeleka."

Celine hakulia. Aliitoa mikono yake polepole, akakunja mkono wa blauzi hadi juu ya kiwiko, akamsogelea daktari na kumnyooshea mkono wenye vidoti.

"Rudisha," alisema.

"Nini?"

"Damu yangu. Ile yote umechukua. Ilikuwa inakuambia mimi ni mgonjwa na ukaificha. Rudisha!"

Mabenchi yalilia. Wanawake walikuwa wakisimama, mmoja baada ya mwingine, na miili yao ileile iliyowaleta pale ikajaza njia yote kati ya mabenchi, kutoka ukutani hadi ukutani. Hapakuwa na mtu aliyeinua mkono. Walisimama tu.

"Inspekta," Osewe alisema, na sasa sauti yake haikuwa laini, "nitoe hapa. Ni wajibu wako."

"Kweli," Marion alisema. "Na mlango ni ule pale. Utapita kwao."

Alimshika daktari mkono juu ya kiwiko na kuanza kutembea naye, polepole. Mwanamke wa kwanza hakusogea. Alikuwa mnene, mwenye meno yaliyoachana, na mtoto mgongoni.

"Na mimi je?" aliuliza.

Osewe alitazama chini. Marion alisimama, naye akalazimika kusimama. Wakangoja. Wangoi ndiye aliyejibu, kwa sauti iliyosikika hadi nje kwenye vibanda.

"Wewe uko sawa, Mama Stevo. Kwa sasa uko sawa."

Mwanamke yule akapisha. Nyuma yake alisimama mwingine.

"Na mimi?"